Mimi mwenye sukari napewa dawa zote bure, mpwa wangu mwenye selimundu analipa. Nani aliamua hivi?

#1 MamaKijichi, Leicester

Wakuu, habari za jioni.

Hili jambo limenikaa kooni wiki nzima. Nyumbani nikiligusa naambiwa "umepewa bure, unalalamika nini tena?" Nimeona nililete hapa penye wenye akili zao na wasio nazo.

Jumanne nilikwenda duka la dawa na mpwa wangu, binti wa marehemu dada yangu. Ana miaka 23 na amezaliwa na sikoseli, selimundu wanavyoiita siku hizi. Mimi nina sukari, aina ya pili, tangu 2019. Nameza metformini asubuhi na jioni. Siku hiyo nilikuwa nimeandikiwa vitu vitatu: metformini yangu, krimu ya ukurutu (nalea wazee, nanawa mikono mpaka ngozi inapasuka) na antibayotiki ya kifua. Dada wa kaunta akatazama kompyuta, akaona nina cheti cha msamaha, akanikabidhi mfuko. Sikutoa hata senti.

Ikaja zamu ya mtoto. Naye vitu vitatu: penisilini, foliki na vidonge vya maumivu. Paundi 9.90 kwa kila kimoja, jumla 29.70. Nilimwona anahesabu kimoyomoyo. Kisha akamuuliza mfamasia kwa sauti ya chini, "Katika hizi, ipi naweza kuiacha mpaka nipokee mshahara?"

Nikatoa kadi nikalipa. Lakini kwenye basi nilishindwa kumtazama usoni. Ile penisilini anaimeza kila siku ya Mungu kwa sababu bandama lake halifanyi kazi, na homa ambayo mimi na wewe tungeimaliza kwa chai ya tangawizi yeye inamlaza wodini. Mimi krimu ya mikono, isiyohusiana na sukari yangu hata kidogo, napewa bure.

Anayejua anifafanulie. Nani alikaa akaamua kwamba ugonjwa wangu unastahili na wake haustahili?

#2 KauntaNambaMbili, Northampton

Dada, mimi niko upande wa pili wa kaunta kama hiyo, mwaka wa nane sasa. Hilo swali la "ipi naiacha" nalisikia kila wiki, na wanaouliza karibu wote wanauliza kwa sauti hiyohiyo ya chini.

Kilichokupa wewe ukamnyima mtoto ni orodha ya mwaka 1968. Hapa England kuna magonjwa machache ambayo ukiwa nayo daktari anakusainia fomu inayoitwa FP92A, unapata cheti cha miaka mitano, na kila utakachoandikiwa ni bure. Nasema kila kitu, hata kama hakihusu ugonjwa uliokupa cheti. Ndiyo maana krimu yako ilipita.

Kwenye orodha kuna kisukari kinachotibiwa kwa dawa (kama unajitibu kwa mlo peke yake, humo). Kuna kifafa cha dawa za kila siku, tezi ya shingo isiyofanya kazi ya kutosha, ugonjwa wa Addison (wa tezi za juu ya figo), myasthenia gravis (misuli kuishiwa nguvu), wenye tundu la kudumu la tumboni la kutolea haja, wenye ulemavu wasioweza kutoka nyumbani bila msaada wa mtu, na mengine machache ya tezi ambayo hutayasikia mtaani. Saratani iliingizwa Aprili 2009, na ndiyo nyongeza pekee tangu orodha iandikwe.

Selimundu haimo. Pumu haimo. Moyo, shinikizo la damu, figo ya kupandikizwa, baridi yabisi, Parkinson (ule wa kutetemeka), vyote havimo.

Kabla sijasahau: kama hayo ya maumivu ni parasetamoli, msichukue kwa karatasi ya daktari. Dukani ni chini ya paundi moja. Mtu analipia 9.90 kitu cha senti hamsini na sisi tunaruhusiwa kumwambia, ila foleni ikiwa ndefu hatusemi.

#3 Kitumbua_cha_Asubuhi, Luton

PUMU HAIMO. Nilikuwa nasubiri mtu aseme.

Nina pumu tangu chekechea. Inhela ya kahawia ya kuzuia, inhela ya bluu ya kuokoa. Mbili hizo, 19.80. Msimamizi wangu kazini ana tezi, anameza kidonge kimoja kidogo asubuhi na anaishi vizuri, Mungu amzidishie. Lakini hata dawa ya mafua ya chavua anachukua bure. Sina kinyongo naye. Nina kinyongo na aliyeandika orodha.

Mwaka juzi mambo yalibana, nikawa naivuta ile ya kahawia leo, kesho naruka. Nilidhani ni ujanja. Nikaishia kwenye ambulensi saa tisa usiku, kucha za bluu. Ambulensi bure. Oksijeni bure. Siku mbili wodini, chakula juu, bure. Kwa hiyo walikataa kunipa kitu cha paundi tisa wakanipa cha maelfu.

#4 Bwana_Kipimo, Reading

Tuseme ukweli hata kama unauma. Sukari aina ya kwanza sawa, mtu hakuitafuta. Aina ya pili ni wali, chapati, soda na kukaa. Pumu hakuna aliyejitakia, selimundu hakuna aliyejitakia. Kama kuna wa kutolewa kwenye hiyo orodha kuwapisha wengine, ni nyie.

#5 MamaKijichi, Leicester

Mama yangu alikuwa na sukari, tulimzika akiwa na kilo 48. Bibi yangu hivyohivyo. Soda utotoni nilikunywa Krismasi, na Idi kwa majirani.

Mengine sitakujibu.

#6 Sindano4, Coventry

Bwana_Kipimo asante kwa kunitenga kwenye kundi la "sawa", ila sihitaji. Nina aina ya kwanza tangu nina miaka tisa. Huo mchezo wa mgonjwa mwema na mgonjwa mbaya naujua. Leo unamtoa mama wa watu, kesho utaniuliza mimi kwa nini sukari yangu imepanda, nilikula nini, kama nastahili sensa (kile kifaa cha kubandika mkononi cha kupimia sukari). Ukianza kugawa dawa kwa tabia, anza na waliovunja miguu kwenye mpira wa Jumapili.

Kwa faida ya wasiojua, hii ndiyo karatasi yangu ya mwezi: insulini ya siku nzima, insulini ya chakula, sindano za kalamu, vijiti vya kupimia sukari, vijiti vya ketoni, sensa ya mkononi, na sindano ya glukagoni ya dharura nikizimia. Hivyo ni vitu saba, ingawa glukagoni haichukuliwi kila mwezi. Kwa bei ya kaunta ni 69.30. Na tofauti na dawa nyingi, insulini haina "nitaanza wiki ijayo". Ukiikosa, siku chache tu unakuwa mahututi.

Kwa hiyo msamaha wangu nautetea kwa meno. Ila sioni kwa nini kuutetea kwangu kumfanye mpwa wa MamaKijichi asiwe nao.

#7 Bwana_Kipimo, Reading

Sindano4, nakubali nilikosea lugha. MamaKijichi samahani dada, na pole kwa mama.

Lakini hesabu sijakosea, na nadhani hapa mnagombania kitu msichokipima. Mnazungumza kama vile mwenye pumu analipa mamia. Kipo cheti cha kulipia kabla: paundi 114.50 kwa mwaka mzima, andikiwa dawa mbili au mia mbili. Cha miezi mitatu ni 32.05. Maana yake cheti cha msamaha cha mwenye kisukari, thamani yake ya juu kabisa ni 114.50 kwa mwaka. Hata Sindano4 na vitu vyake saba, siku wakimnyang'anya msamaha kesho, hatalipa 69.30 kila mwezi. Atalipa 114.50 kwa mwaka, basi.

Ukiandikiwa dawa 12 kwa mwaka, cheti kimeshakulipa. Kwa miezi mitatu ni dawa nne. Mpwa wa dada pale kaunta alikuwa na tatu kwa siku moja! Angeongeza paundi mbili na senti kidogo angekuwa huru robo mwaka.

#8 Kitumbua_cha_Asubuhi, Luton

Mkuu hesabu zako tamu. Kasoro yake ni moja: asiye na 29.70 hana 32.05.

#9 KauntaNambaMbili, Northampton

Wote mna haki kidogo kidogo. Cha mwaka kinaweza kulipwa kwa mafungu kumi ya 11.45 yanayokatwa benki. Tatizo ninaloliona kila siku ni kwamba watu hawajui kama kipo. Hakuna tangazo linalokufuata nyumbani. Mwenye kujua mfumo anakinunua, na anayejua mfumo mara nyingi ndiye mwenye nafuu. Mfanya usafi wa zamu ya usiku analipa kimoja kimoja miaka kumi.

Kuna na msaada wa kipato cha chini, fomu ya HC1 ukurasa baada ya ukurasa. Walio kwenye Universal Credit (ruzuku ya serikali kwa wenye kipato kidogo), kama mshahara wako kwa kipindi kilichopita haukuzidi paundi 435 (au 935 ukiwa na mtoto au una tatizo la afya linalokuzuia kufanya kazi) ni bure. Binti anayefanya kazi siku tano kwa mshahara wa chini kisheria amevuka hapo zamani. Yuko kwenye lile tumbo la katikati. Serikalini haonekani maskini, na dukani bado anauliza ipi aiache.

#10 Mzee_wa_Kaole, London

Vijana, nimekaa nchi hii tangu 1981, ngoja niwape hadithi ya hiyo orodha maana imenichekesha na kunisikitisha kwa miaka mingi.

NHS, yaani huduma ya afya ya taifa, ilipofunguliwa Julai 1948 dawa zilikuwa bure kwa wote. Haikuchukua muda. Mwaka 1951 serikali ileile ya chama cha Labour ikaleta malipo ya meno ya bandia na miwani, na waziri aliyeiasisi NHS, Aneurin Bevan, akajiuzulu kwa hasira. Mwaka uliofuata, 1952, serikali ya chama cha Conservative ikaleta malipo ya dawa: shilingi moja kwa karatasi. Ndiyo, shilingi, babu yake hii yetu. Mwaka 1965 waziri mkuu Harold Wilson, wa Labour, akayafuta. Watu wakashangilia miaka mitatu. Novemba 1967 paundi ikashushwa thamani, hazina ikawa inatafuta fedha chini ya godoro, na 1968 malipo yakarudi, shilingi mbili na peni sita kwa kila dawa.

Sasa ukirudisha malipo lazima useme nani hatalipa, la sivyo utaonekana umewakaba wagonjwa. Ndipo ikatengenezwa orodha. Walitafuta magonjwa ya maisha, yanayotambulika bila ubishi, yanayohitaji dawa bila kukatisha. Kisukari, tezi, Addison, vyote mwili umekosa kitu na dawa inarudisha kitu kile. Kwa macho ya 1968 ilikuwa na mantiki yake.

Lakini orodha hiyo inaonyesha nani alikuwa hai mwaka ule. Watoto wenye sistiki fibrosisi (ugonjwa wa kurithi unaoharibu mapafu) wakati huo walikuwa hawafiki utu uzima, na mtoto halipi, kwa hiyo hakuna aliyewaza mtu mzima mwenye ugonjwa huo amesimama kaunta. Leo wapo, wana kazi na watoto, na wanalipa. Wenye selimundu nadhani ni hadithi hiyohiyo, na kuongeza kwamba mwaka 1968 watu weusi wa nchi hii hawakuwa wakialikwa kwenye vikao vya kuandika orodha. Hilo la mwisho ni langu, nisukumieni mimi.

#11 Mpemba_wa_Cardiff, Cardiff

Assalaam alaykum. Nawasoma tangu asubuhi natabasamu tu. Sie huku Wales tokea Aprili 2007 hatulipi, mwenye sukari na mwenye chunusi sote mamoja. Ireland ya Kaskazini wakafuata 2010, Scotland 2011. Mlobaki ni nyie.

Hamieni.

#12 Kitumbua_cha_Asubuhi, Luton

😂😂 Mpemba hana huruma

#13 Bwana_Kipimo, Reading

Mpemba, bure kwa wote maana yake ni tajiri wa Cardiff anachukua parasetamoli kwa kodi ya mpiga deki. Hiyo nayo ndiyo haki?

#14 Mpemba_wa_Cardiff, Cardiff

Tajiri wa Cardiff kodi kalipa zaidi kuliko wewe na mimi. Mwache achukue parasetamoli yake. Na kwenu mbona tajiri akitimia miaka 60 anachukua bure hata kama ana meli? Serikali yenu ilitaka kuupandisha umri huo hadi 66, ikaja ikaacha 2023. Mwenye meli wa miaka 60 halipi, mtoto wa miaka 23 mwenye selimundu alipa. Ndo kipimo chako hicho, Bwana Kipimo?

#15 KauntaNambaMbili, Northampton

Mpemba kapiga kwenye mfupa. Watu wakisikia England wanalipia dawa wanadhani kila mtu analipa. Karibu dawa tisa katika kila kumi zinazotoka kwenye maduka ya England zinatoka bure: wazee, watoto, wajawazito na waliojifungua ndani ya mwaka, wenye vyeti, wenye kipato kidogo. Sisi tunaong'ang'ania kukusanya tunakusanya kwenye ile moja iliyobaki. Ni paundi milioni mia sita na ushei kwa mwaka kwa nchi nzima. Kwa bajeti ya NHS hiyo ni chumvi ya mboga.

Na kuikusanya kuna gharama zake. Kila karatasi mtu aweke alama sababu ya kutolipa, ihakikiwe, akikosea atumiwe faini.

#16 ShambaDarasa, Bristol

Neno "faini" limeniamsha. Ngojeni niwape la kwangu mkalale nalo.

Niligunduliwa sukari aina ya pili 2018. Nikapata cheti, nikachukua metformini na dawa mbili za shinikizo la damu, zote bure. Nikaamua kupigana. Nilikodi kipande cha bustani cha manispaa, nalima mchicha, matembele na maboga, natembea kwenda na kurudi, wali nimeupa talaka rejea. Kilo 17 zikaondoka. Mwaka 2021 daktari akaniambia sukari imelala, acha vidonge. Nilipiga goti nikashukuru.

Wiki kadhaa baadaye mke wangu alikwenda kunichukulia zile za shinikizo la damu, akaweka alama palepale alipozoea, "ana cheti". Ikaja barua. Bei ya dawa, pamoja na faini. Faini yenyewe inaweza kufika paundi 100. Kwa nini? Kwa sababu msamaha ni wa kisukari kinachotibiwa kwa dawa. Mimi sasa natibu kwa mchicha. Cheti kiliandikwa bado hakijaisha muda, lakini haki yake ilikufa siku nilipoacha kidonge.

Kwa hiyo: nilipokuwa nakula ovyo, dawa zangu zote bure. Nilipojitibu nikaipunguzia nchi gharama, nikaanza kulipia hata zile za shinikizo la damu ambazo sikuzigusa. Nilimwambia mwenzangu mmoja mwenye sukari, yeye akasema daktari akitaka kumwachisha metformini atamwomba amwachie kidonge kimoja tu, cha heshima ya cheti. Alikuwa anatania, nadhani.

#17 Sindano4, Coventry

Hajatania. Najua watatu.

#18 Sengerema_Kwetu, Mwanza

Ndugu zetu wa majuu, nimesoma kurasa zote. Sipendi kuja na ule wimbo wa "shukuruni nyie", ila naomba niongeze upande wetu.

Huku kwenye makaratasi mwenye kisukari naye amesamehewa. Uchangiaji wa gharama za matibabu ulipoanza 1993, sera iliwaweka kando watoto chini ya miaka mitano, wajawazito, wazee wasiojiweza na wenye magonjwa sugu, kisukari kikiwamo. Mzee wangu ana sukari. Anaingia hospitali, kadi haina malipo, daktari anamsikiliza vizuri, anaandika dawa. Anafika dirishani, anaambiwa, "Mzee, hii haipo. Kanunue nje." Nje ni duka lililo hatua kumi kutoka getini. Lina kila kitu.

Kwa hiyo sisi msamaha tunao, dawa ndiyo hatuna. Watoto wenye aina ya kwanza wana nafuu, kuna mpango maalumu unaowapa insulini na vipimo bure kwenye kliniki, lakini wakishakuwa watu wazima wanaingia kwenye foleni yetu. Mzee wangu insulini ananunuliwa na sisi watoto wanne kwa zamu. Mwezi wa kaka mkubwa ukifika tunaomba Mungu kaka awe amelipwa.

Nilichotaka kusema ni kwamba MamaKijichi anauliza swali kubwa kuliko England. Kumsamehe mtu kwa jina la ugonjwa ni rahisi kuandika. Kwetu liliandikwa pia.

#19 MamaKijichi, Leicester

Sengerema mdogo wangu, umenifunga mdomo kidogo. Na mimi nina dada Mbagala ambaye namtumia hela ya dawa kila tarehe tano, kwa hiyo "nje" yako naijua ilipo. Mpe pole mzee.

Lakini kuna kitu sikubali. Nikimlilia mtoto wa hapa haina maana nimemsahau mzee wa huko. Mtoto huyu analipa kodi hapa, kazaliwa hapa, ugonjwa wake upo hapa.

#20 Injinia_wa_Pongwe, Derby

Tukiwa kwenye "analipa kodi hapa": sisi wenye viza za kazi tunalipa ada ya afya paundi 1,035 kwa kila mwaka wa viza, na inalipwa yote kwa mkupuo kabla hujapanda ndege. (Wenye viza ya uuguzi na ulezi wamesamehewa hiyo, nyie akina mama wa nyumba za wazee mna bahati.) Viza yangu miaka mitatu, pigeni hesabu. Kisha kodi kwenye mshahara kama mwingine yeyote. Kisha nikiugua kifua, 9.90 kwa kila dawa. Mfuko mmoja wanauchovya mara tatu. Mimi sina ugonjwa wa orodha wala wa nje ya orodha, nimeona tu nijipunguzie moyo.

#21 Bwana_Kipimo, Reading

Tufike mahali. Orodha ikiongezwa selimundu, pumu atauliza. Akiongezwa pumu, atakuja wa baridi yabisi. Mwisho wa safari ni Cardiff kwa Mpemba. Je, hilo ndilo mnalotaka? Semeni waziwazi.

#22 Mzee_wa_Kaole, London

Hilo swali lilishaulizwa na likajibiwa, ndiyo linaloniudhi. Serikali ya Gordon Brown, waziri mkuu wa wakati huo, ilimpa kazi Profesa Ian Gilmore, aliyekuwa rais wa chuo cha kifalme cha madaktari, atazame namna ya kuwasamehe wenye magonjwa ya muda mrefu. Akaandika ripoti. Alisema wasamehewe wote wenye maradhi ya muda mrefu, wala tusikae tukiongeza jina moja moja kwenye orodha, maana kila jina utakaloliongeza litamwacha jirani yake nje. Ripoti ikachapishwa 2010. Mwaka huohuo serikali ikabadilika, wapya wakasema fedha hakuna, ikawekwa kabatini. Bado imo.

#23 ShambaDarasa, Bristol

Mimi nataka kinyume kidogo na Mpemba. Tulipe wote kidogo, mathalani paundi moja kwa dawa, wenye sukari tukiwamo, mwenye meli akiwamo. Asiyekuwa nacho kabisa asamehewe. Cheti changu kilipokufa hakikuniuma kwa sababu ya hela. Kiliniuma kwa kuambiwa mwongo.

#24 Kitumbua_cha_Asubuhi, Luton

Paundi moja leo. 1952 ilikuwa shilingi moja, Mzee katuambia hapo juu. Zikaanza hivyohivyo.

#25 Sindano4, Coventry

Nakazia #24.

#26 MamaKijichi, Leicester

Nimewasoma wote, hata walionikera. Niwape mrejesho.

Jana usiku nilikaa na mtoto mezani na simu. Tumemkatia kile cheti cha mwaka, mafungu kumi ya 11.45. Alitaka akaunti iwe yake, amekataa yangu katakata. Akasema, "Mama mdogo, wewe umeshalipa." Sukari yangu ameiita "sukari ya kifalme" na tumecheka mpaka jirani kagonga ukuta.

Krimu nimeendelea kuichukua bure, nisiwadanganye. Nikiiacha kaunta haitamfikia yeye.

Swali la mwisho kwa KauntaNambaMbili: cheti kimeanza jana. Zile 29.70 za Jumanne ndiyo zimekwenda?

#27 KauntaNambaMbili, Northampton

Hapana, subiri! Mlipokuwa mnajaza mlichagua tarehe ya kuanza? Kinaweza kurudishwa nyuma hadi mwezi mmoja. Wapigie leo waulize kama wanaweza kurekebisha, kikianzia kabla ya Jumanne hiyo hela inadaiwa.

Ila lazima uwe na risiti maalumu, inaitwa FP57. Anakupa mfamasia, siku ileile unapolipa, na lazima uiombe mwenyewe. Baadaye hawaruhusiwi kuitoa. Uliiomba?

#28 MamaKijichi, Leicester

Niliombaje kitu nisichokijua?

#29 KauntaNambaMbili, Northampton

Basi zimekwenda, dada.